Fidla Isiyo na Nyuzi

Magazeti yaliandika kwamba Everett Lisle, nyota wa sinema bubu, aliangushwa na sauti yake. Moja lilisema ni nyembamba, jingine likasema inakwaruza, na lile la udaku likasema ni sauti ya bata. Uongo mtupu. Mimi niliisikia sauti ile kwa masikio yangu haya na ilikuwa nzuri. Aliyemwangusha ni mimi, Leona Prochaska, mpiga fidla, na nilichotumia ni polka moja, muziki wa kurukaruka wa harusini.

Nianze na ubaya wangu, maana bila huo hadithi hii haipo. Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu wa kwanza alitoka nyumbani Omaha kwenda kununua barafu, akaja kupatikana Denver akiwa na mke mwingine na duka la viatu. Tangu hapo mtu akinisalimia kwa uchangamfu najiuliza anataka nini, na asiponisalimia najiuliza amenifanyia nini. Mume wa pili alikaa miezi saba, akasema kuishi nami ni kama kuishi na askari kanzu. Nikamwuliza, kwani unaficha nini?

Basi, enzi zile za sinema bubu, kila seti ya Hollywood ilikuwa na wapiga muziki wake. Watazamaji hawakutusikia hata siku moja. Tulikuwa tunawapigia waigizaji, ili anayetakiwa kulia alie na anayetakiwa kupenda apende. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kamera miaka kumi na saba, na sheria yetu ilikuwa moja tu: ukishaanza, huachi mpaka mkono wa mwongozaji ushuke. Ukuta wa mbao uanguke, farasi akojoe miguuni pako, wewe unapiga. Mwaka wa 1923 taa ilipasuka juu ya kichwa changu, vioo vikaniingia kwenye nywele, na sikupoteza hata noti moja. Bwana Tuttle, mwongozaji wetu, aliniletea kofia mpya kesho yake na kuniita mwanamke wa chuma. Nilijivunia jina hilo kuliko nilivyojivunia waume zangu wote wawili.

Miaka tisa kati ya hiyo nilimpigia Everett Lisle. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Orville Stumpf, mtu wa Terre Haute, Indiana, na hilo si jina la kubandika mbele ya ukumbi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minne katika karakana ya maboila ya treni. Aliingizwa ndani ya boila kwa sababu ya wembamba wake, akawa anashikilia ribiti, misumari minene ya kuungia mabati, kwa ndani huku wanaume wakizigonga kwa nje kwa nyundo, kutwa nzima, miaka sita. Alitoroka na kundi la maigizo ya hemani. Akaja California, akaanguka kutoka kwenye farasi katika filamu hamsini bila mtu kujua jina lake, mpaka mpiga picha mmoja akagundua kwamba uso ule ukilia karibu na kamera, ukumbi mzima unatafuta leso. Kufikia mwaka wa 1928, ninaouzungumzia, wanawake walikuwa wanamwandikia barua kutoka mpaka Norway.

Mimi nilikuwa na wimbo mmoja wa kumliza. Ni wimbo wa mama yangu wa kubembelezea watoto, wa Kicheki, ambao hakuna aliyeujua pale. Nikiuanza polepole, Everett anainamisha kichwa. Nikifika katikati, midomo inaanza kutetemeka. Nikiupandisha, machozi hayo. Tulikwenda hivyo miaka na miaka kama saa na mshale wake.

Halafu nikaanza kuona mambo.

Kwanza, aliacha kuitikia salamu. Nikimkuta uso kwa uso, ah, "Leona, umeamkaje, mpenzi wa seti nzima!" Nikimwita kutoka nyuma, kimya. Nikasema, haya, ameshakuwa mkubwa.

Pili, alitaka kiti changu kisogezwe. Miaka yote nilikaa pembeni, kwenye kivuli. Sasa nikaambiwa nikae chini ya kamera kabisa, mahali anaponiona. Na kweli alikuwa ananiona. Anamwangalia mwigizaji mwenzake, lakini kila baada ya muda jicho linaruka kwenye mkono wangu. Siku mbili za kwanza nilidhani ananitamani, nikapaka rangi ya mdomo. Siku ya tatu nikajua anahesabu makosa yangu.

Tatu, yule Hazel. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mkimya, ambaye Everett alimleta awe mvalishaji wake. Alisimama karibu yangu kila tukipiga picha, ameshika kopo la poda. Vidole vyake vilikuwa havitulii juu ya kopo lile. Tuttle akipaza sauti kwenye pembe lake la bati, "Geuka dirishani, Everett!" Hazel anainua vidole viwili. "Kaa chini!" Hazel anafunika kopo kwa kiganja. Nikawaza, wanapeana ishara gani hawa? Sikuwa na shaka kwamba ni hawara yake. Kilichonisumbua ni kwamba niliona kama kila nikikosea noti, kidole nacho kinacheza.

Wakati huo mji mzima ulikuwa unatetemeka kwa ajili ya sinema za kusema. Studio yetu ilikuwa imejenga jumba lisilopitisha sauti, na fununu ilikuwa kwamba wapiga muziki wa seti wataachishwa wote. Nilimuuliza mzee Pettibone, aliyepiga kinanda pamoja nami.

"Watatufukuza, Pettibone?"

"Kwani ulidhani watatutundika ukutani?" Alikuwa anakula pai ya tufaha, na chembe zilimrukia kwenye ndevu. "Nasikia wanabakisha mmoja. Mmoja tu. Muombe Mungu wako, nami nitamuomba wangu."

Jumatatu nikawaona Everett na Hazel wakiingia ofisi ya meneja. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nami nilikuwa napita. Sawa, sikuwa napita, nilisimama. Nikasikia jina langu. Meneja alisema, "Lakini kwa nini Leona?" Everett akajibu kitu kwa sauti ya chini. Ubao wa sakafu ukalia chini ya kiatu changu, Hazel akageuka, akafunga mlango.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na fidla ndiyo mume pekee aliyebaki. Nikaamua kwamba kama Everett Lisle anataka kuniondoa, basi nitaonyesha mbele ya watu wote kwamba bila mimi hawezi kutoa chozi.

Siku ya Alhamisi tulikuwa tunapiga picha ya kifo cha mama. Everett amepiga magoti kando ya kitanda. Tuttle akainua mkono, nikaanza wimbo wa mama yangu, Everett akainamisha kichwa. Nilipofika katikati, nikageuza. Mwendo wa mkono nikauacha vilevile, wa taratibu, lakini vidole vya kushoto vikaingia kwenye polka ambayo baba yangu alikuwa akiwachezesha nayo walevi wa harusi kule Nebraska. Kila noti mbili kwa mvuto mmoja mrefu wa uta, ule ufito wa kupigia fidla. Polka ya ajabu kidogo, lakini polka.

Mtu wa taa akapasuka kicheko. Bibi aliyeigiza maiti akatikisika tumbo. Pettibone aliacha kinanda akanitazama kama nimevua nguo.

Na Everett akalia. Midomo ilitetemeka pale pale inapotetemeka siku zote, machozi yakashuka pale pale.

"Acha! Leona, umerukwa na akili? Acheni!" Tuttle alikuwa anapiga kelele kwenye pembe lake, na Everett aliendelea kulia. Mkono wa Tuttle ulipokata hewa, nami nikashusha uta. Hapo ndipo alipoinua uso.

Aliangalia wanaocheka. Akaniangalia mimi. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole namna ile. Kisha akacheka kwa sauti kubwa, akafuta machozi kwa shuka la maiti.

"Leona, ungepiga hata wimbo wa kuuza sabuni," alisema, "mimi nikishaanza kumlilia mama, namlilia!"

Watu wakapiga makofi. Tuttle akamkumbatia. "Mnaona? Mnaona msanii huyo? Na wewe, Leona, ukirudia tena upuuzi huu nitakukalisha kwenye kinanda."

Nilikunja kiti changu nikatoka pale. Hazel alinishika mkono, akaniingiza kwenye chumba cha kuvalia na kufunga mlango.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Hasikii," nikasema. "Hasikii kitu."

"Tangu mwaka juzi. Maboila yale yalimla kidogo kidogo." Everett alikuwa anaingia, naye akamgeukia ili midomo ionekane. "Ameshajua, Orville."

Orville. Hawara gani angemwita Orville? Niliwatazama pua zao, nikaona ni pua moja. Hazel Stumpf, dada yake wa kuzaliwa. Vidole juu ya kopo la poda vilikuwa vinamtafsiria kaka yake maneno ya Tuttle: viwili, geuka, kiganja, kaa.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ndiye saa yangu," Everett alisema. "Nauona uta. Ukienda nusu, najua bado. Ukirefuka, najua ni sasa. Ukishuka, najua wamezima kamera. Nilikwenda kwa meneja Jumatatu nikamwambia, mwondoe mtu yeyote, lakini Leona akiondoka nami naondoka. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni ushirikina wa mwigizaji."

Ningeweza kusema samahani pale pale. Nilichosema ni, "Mbona hamkuniambia?"

"Kwa sababu tunakujua ulivyo," Hazel akasema. "Ungefikiri tunakutega."

Niliona aibu iliyonifika mpaka kwenye meno. Nilimwapia Everett kwamba siri itakufa nami, na sikuisema kwa mtu.

Lakini polka ilikuwa imeshatoka. Tuttle hakuweza kuifunga midomo yake. Kila siku kantini, akiwa na bakuli lake la supu ya maharage, alisimulia: "Wakampigia polka! Na jamaa analia! Nikapiga kelele mpaka koo likauma, na jamaa bado analia! Amezama, mnaelewa? Amezama!" Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakucheka. Huyo ni Ferris, fundi wa sauti, kijana mwenye miwani aliyetoka kampuni ya simu, ambaye tulimwona kama mchawi kwa sababu sasa ndiye aliyeamua nani anafaa.

"Ulipopiga kelele," Ferris alimuuliza, "hakugeuka?"

"Ndiyo uzuri wenyewe!"

"Hata kidogo?"

Nilikuwa nimekaa meza ya pili. Niliacha kijiko. Ferris alikuwa anakunja leso yake ya karatasi vipande vidogo vidogo, wala hakuuliza tena.

Jaribio la sauti la Everett liliwekwa Jumanne asubuhi. Akifaulu, mkataba wa miaka mitatu. Akishindwa, hakuna studio ingemgusa, maana habari za majaribio zilifika studio nyingine kabla ya chakula cha mchana. Hotuba ilikuwa moja, dakika tatu, ya mwanamume anayeagana na kiti ambacho mkewe marehemu alikuwa akikikalia. Aliifanyia mazoezi nyumbani mwezi mzima. Hazel alimwekea kiganja kooni kumwonyesha sauti ikipanda sana, na kifuani ikishuka inavyotakiwa.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kujua aanze lini na amalize lini. Ndani ya jumba lile mwongozaji haruhusiwi kufungua mdomo, na muziki ni marufuku. Everett akamwambia Tuttle kwamba bila Leona mbele yake hawezi.

"Lakini muziki hapana," Tuttle akasema.

"Mtoeni nyuzi kwenye fidla."

Tuttle alicheka. "Ushirikina huu! Haya, bwana, hata ukitaka mbuzi nitakuletea."

Nilizitoa nyuzi mwenyewe, nne zote, nikazikunja nikazitia kwenye mkoba. Nikapaka uta nta ili usikwaruze. Nikakaa chini ya kamera, ambayo sasa ilifungiwa ndani ya kibanda cha kioo ili mlio wake usisikike, na fidla isiyo na nyuzi begani.

Taa nyekundu ikawaka. Tuttle akainua mkono. Nikaanza kuvuta uta juu ya mbao tupu, wimbo wa mama yangu, ninaousikia mimi peke yangu kichwani.

Everett akafungua mdomo, na mimi, niliyemjua miaka tisa, nilishtuka moyoni. Ilikuwa sauti ya chini, yenye joto, na lafudhi ya Indiana ambayo ilikufanya umwamini hata angesema mvua inanyesha juani. "Sikuwahi kukuuliza kama umechoka," alikiambia kiti. Tuttle alinitazama, macho yamemjaa. Nusu uta, nusu uta, uta mzima. Sauti ikakatika pale inapotakiwa kukatika. Tumepita, nikasema moyoni. Jamani, tumepita.

Ndipo nilipomwona Ferris ametoka kwenye kibanda chake cha mitambo ya sauti, amevaa soksi tupu, anatembea nyuma ya Everett. Alisimama karibu na bati kubwa la kutengenezea ngurumo, lililoegemezwa ukutani. Mimi niliyeshuku wachungaji, wauza maziwa na watoto wa shule ya Jumapili, nilimwona mtu yule akiwa na mkono kwenye bati, na nikafikiri anatafuta waya wake. Siku moja tu maishani nilikuwa na furaha kiasi cha kutoshuku, na ilikuwa siku hiyo.

Ferris akalisukuma.

Lilianguka kwenye saruji kwa kishindo cha kuamsha wafu. Tuttle aliruka, akagonga goti kwenye kiti. Mtu wa taa alitukana kutoka juu ya ngazi. Hazel akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kopo la poda likadondoka.

Mkono wangu haukutikisika. Miaka kumi na saba, mwanamke wa chuma. Uta ulikwenda vilevile, laini, bila kukosa, kwa sababu mkono wa Tuttle ulikuwa bado juu. Ningeshtuka tu! Ningeruka kama binadamu yeyote, Everett angeniona, angeruka nami. Alikuwa ananitazama mimi na uta wangu, na uta ulimwambia kwamba hakuna kilichotokea.

"Kesho nitakupeleka ghalani," alikiambia kiti kwa upole, "lakini leo kaa nami."

Watu wawili tu katika jumba lile hawakushtuka, yeye na mimi.

"Samahani, Bwana Lisle," Ferris akasema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida. Hakuna kitu. "Bwana Lisle, samahani sana." Sote tulisikia, na sote tuliona mgongo ule haugeuki. Nami nilikuwa bado napiga.

Tuttle akashusha mkono. Nikashusha uta. Everett akapumua, akatabasamu, jasho linamtiririka shingoni.

"Imekuwaje?" aliuliza.

Akaangalia uso mmoja baada ya mwingine, akaona bati chini, akaona poda imemwagika. Ferris alivua miwani akaifuta, na sitasema alifurahi, kwa sababu hakufurahi. "Katika sinema hizi," alisema, akijipanga vizuri ili midomo yake ionekane, "watu watakuwa wanasemezana, bwana. Usiposikia mwenzako..." Hakumaliza. Saa sita mchana mji wote ulijua kwamba Lisle ameshindwa jaribio la sauti, na kwa kuwa wengi hawakuambiwa zaidi ya hapo, walijaza wenyewe: nyembamba, inakwaruza, bata. Hazel alitaka kuandika magazetini. Everett akamkataza. Alisema afadhali bata kuliko kuonewa huruma.

Mimi nilibakishwa. Ferris mwenyewe alinipa kiti katika okestra mpya ya studio. Alisema hajawahi kuona mpiga muziki mwenye mkono mtulivu kama wangu.

Mwezi wa Machi niliwasindikiza stesheni, yeye na dada yake, wanarudi Terre Haute. Jua lilikuwa kali na mabehewa yalinukia machungwa. Hakuna aliyemtambua, labda kwa sababu alivaa kofia ya mkulima. Nilimletea mfuko wa donati na nikawa sijui pa kuweka mikono yangu bila fidla. Hazel alipanda kutafuta viti.

"Leona," Everett akasema, "jambo moja. Sauti yangu sijaisikia miaka miwili. Ilikuwaje siku ile?"

Nilimshika mashavu ili anione vizuri.

"Ilikuwa nzuri," nikamwambia. "Tuttle alilia. Mimi nililia moyoni. Nzuri kuliko zote nilizosikia ndani ya jumba lile mpaka leo."

Alinitazama midomo, kisha macho, kisha midomo tena, muda mrefu, kama ninavyowatazama mimi watu maisha yangu yote, nikitafuta wanachotaka.

"Asante," alisema, akanipigapiga begani. "Wewe ni mtu mwema kusema hivyo."

Akapanda treni. Hakuniamini.